Kuivua Betri Kofia

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Nimechana kurasa zilizoandikwa, zilizobaki nitaandika siku zangu, maana nimemaliza shule na hakuna tena anayenipa cha kuandika.

Leo nimeanza kazi kwa mjomba. Yeye ni fundi waya: anatengeneza umeme wa magari, mambo ya injini anawaachia wengine. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, na ndoo mbili chini ya matundu mawili. Mvua imeanza leo pia. Ndoo zikijaa ninazimwaga. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa hadi sasa.

Mjomba alinipa sheria mbili. "Mpwa wangu, usiguse nyekundu na nyeusi kwa wakati mmoja. Na mteja akikuuliza, usiseme 'sijui.' Sema 'tunaangalia.'"

Nimesema "tunaangalia" mara nne. Watu wakiniuliza jambo, jibu hunijia wakiwa wameshaondoka, kwa hiyo neno hili limenifaa sana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimefagia maji.

Ijumaa, 8 Machi

Limekuja gari ambalo sijawahi kuona mfano wake. Ni gari la michezo la zamani, rangi ya maziwa, viti viwili tu, boneti ndefu, nalo liko chini kiasi kwamba kuliingia ni kama kushuka kisimani. Taa zake za mbele zimelala ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka kama macho. Tatizo ni kwamba leo liliinuka jicho moja tu. Jingine liliishia nusu likakwama.

"Linanikonyeza," alisema mwenyewe. Ni daktari wa meno, mrefu kama ngazi, na ukiongea naye hakutazami machoni, anatazama mdomo. Niliufunga wangu vizuri zaidi.

Alisema wakati wa mvua, akiwasha taa na wipa pamoja, umeme unapungua, taa nyekundu ya betri inawaka, kisha gari linazima barabarani. Mjomba alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Akasema, "Haliumwi sana." Daktari akasema, "Hivyo ndivyo na mimi ninavyowaambia."

Jumamosi, 9 Machi

Mjomba ameifungua alteneta ya gari lile nami nikashika tochi. Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme injini inapozunguka. Betri yenyewe ni ghala tu. Ikifa alteneta, gari linakula akiba mpaka ghala liishe. Ndani yake kuna vipande viwili vya kaboni, navyo vya gari la Daktari vimebaki vyembamba kama kucha. Mjomba alikuwa amesema ni kaboni kabla hajaifungua. Alisikia tu jinsi injini inavyozunguka.

Kwenye droo nimekuta mita ya kupima umeme, mpya, bado imo kwenye nailoni yake. Nikamuuliza kama naweza kuitumia.

"Mita ni ya watu wasiojua kusikiliza," alisema. "Lakini cheza nayo."

Nimejifunza hivi: gari likiwa limezimwa, betri nzima huonyesha volti kumi na mbili na nusu hivi. Likiwa linanguruma na alteneta ikifanya kazi, inapanda hadi kumi na nne. Isipopanda, hakuna kinachoingia ghalani. Napenda kwamba namba haikutazami huku ikingoja useme kitu.

Jioni tulikwenda kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili kununua alteneta nyingine. Watu humwita Boksi kwa sababu kila kitu dukani kwake kimo ndani ya boksi, hata chai yake ameiweka kwenye boksi la plagi. Ni rafiki wa mjomba tangu ujana wao. Wakikutana wanatukanana kwanza ndipo wasalimiane.

"Umekuja kunifilisi, kichwa cha nyundo?"

"Nimekuja kukuondolea uchafu wako, mzee wa kutu."

Boksi alinigeukia. "Na huyu bibi mwenyewe haongei? Basi wewe ni Bi Kimya. Karibu, Bi Kimya. Duka hili lina makelele ya mtu mmoja, linatosha."

Nilicheka, lakini ndani.

Jumatatu, 11 Machi

Alteneta imefungwa. Niliunganisha betri mimi mwenyewe, mjomba akisimamia. Gari likawaka. Mita: 14.2. Nimeandika hapa kwa sababu ni namba yangu ya kwanza.

Kisha mjomba akafanya jambo lake. Injini ikiwa inanguruma, alilegeza nati ya kile kibano kinachokaa juu ya kichwa cha betri, akakitoa kabisa hewani. Yeye huita hivyo kuivua betri kofia. Ukiivua na gari likazima, alteneta haifanyi kazi. Likiendelea kunguruma, basi alteneta inalibeba gari peke yake, ni nzima. Alifundishwa na fundi wake, ambaye alikufa kabla sijazaliwa.

Gari halikuzima. Daktari akapiga makofi. Mjomba akamwambia akanyage mafuta zaidi, akaivua tena, injini ikiunguruma kama simba, yeye kasimama na kile kibano mkononi. Sijawahi kumwona mjomba akitabasamu namna ile. Nami nilirudisha mita kwenye nailoni yake, nikajiona kama mtu aliyekwenda harusini na kandambili.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Ndoo tatu sasa.

Alhamisi, 14 Machi

Gari la Daktari limerudi likivutwa kwa kamba. Mita: 12.1 injini ikiwa inazunguka. Taa nyekundu inawaka.

Boksi hakubishana. "Kila gunia lina chawa wake," alisema, akashusha boksi jingine, akaichukua iliyokufa.

Jumamosi, 16 Machi

Alteneta ya pili. Mita: 14.3. Mjomba akaivua betri kofia, gari likanguruma, Daktari akaondoka na macho yote mawili ya gari yameinuka. Mke wa mjomba, ambaye namwita Mama, alituletea chai akasema gari lile linafanana na chura aliyemeza kijiko. Tulicheka mpaka mjomba akamwaga chai. Siku nzuri.

Jumatano, 20 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi, mvua ikimwagika, Daktari aliingia akilisukuma gari kwa mikono, koti lake jeupe limeshikana na mgongo. Hakutania. Alisema limezimia katikati ya makutano, magari yote yakimpigia honi, na kwamba ana mgonjwa aliyeachwa kwenye kiti mdomo wazi.

Mjomba aliniita nipime. 11.8. Kisha akaniuliza, mbele ya Daktari, mbele ya dereva wa gari la mikate aliyekuwa anasubiri feni belti, ule mkanda wa injini:

"Wewe ndiye uliyefunga betri. Uliiweka sawa?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Una hakika? Nyekundu kwa nyekundu? Maana betri ikigeuzwa hata sekunde moja, alteneta inaungua. Na mimi sijawahi kuunguza alteneta mbili kwenye gari moja. Sijawahi. Miaka thelathini."

Nilijua nimeiweka sawa. Niliiangalia mara tatu, na mjomba mwenyewe alikuwa amesimama pale. Jibu lote lilikuwa kifuani mwangu limejipanga vizuri. Nilichofanya ni kutazama viatu vyangu. Dereva wa mikate akasema, "Mtoto wa shule, fundi, ndiyo wanajifunza." Alikuwa ananitetea, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angenizomea.

Mjomba akasema, "Kuanzia leo betri hufungi."

Nililia nyuma kwenye tangi la maji ambako mvua inapiga kelele. Mama alinikuta akasema, "Mjomba wako amechoka, mwanangu. Usiyabebe yake." Lakini amenipa mimi niyabebe, sasa nifanye nini?

Alhamisi, 21 Machi

Usiku mjomba amewaza, asubuhi akawa na mshitakiwa mwingine. Tulikwenda kwa Boksi. Mvua ilikuwa imewajaza watu chini ya baraza la duka. Mjomba aliweka alteneta juu ya kaunta kwa kishindo.

"Unaniuzia maiti zilizopakwa rangi."

Boksi alidhani ni utani wao. "Maiti ni wewe, kichwa cha nyundo. Salamu kwanza."

"Sina salamu na mwizi."

Alisema kwa sauti. Watu wote barazani waligeuka. Boksi alimtazama mjomba, akanitazama mimi, kama vile mimi ningemwambia kwamba hakusikia vizuri. Nilikuwa natazama viatu tena.

"Miaka ishirini na sita," alisema Boksi polepole. "Nilikushika mkono siku ya kumzika baba yako. Leo mimi ni mwizi, na watu wanasikia." Akaisogeza alteneta mpaka ukingoni mwa kaunta. "Chukua. Usirudi hapa."

Akashusha mlango wa chuma, saa tano asubuhi. Tuliondoka huku mvua inatupiga na mjomba anatembea mbele kama hayuko nami. Na mimi nilimwamini. Nilijisemea, kumbe Boksi ni tapeli, na utani wote ule ulikuwa wa kutufumba macho. Nilifurahi kidogo kwamba si mimi tena.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Gari la Daktari liko kwenye kona chini ya turubai. Hakuna vipuri. Wateja wawili wameondoka.

Alhamisi, 28 Machi

Mjomba amemwambia Mama, mimi nikiosha vyombo, kwamba mvua zikiisha anafunga karakana. Amechoka kutazamwa. Shemeji yake anaweza kumtafutia kazi ya kulinda ghala.

"Na mtoto?" Mama aliuliza.

"Aende kwa shangazi yake, saluni."

Nimewahi kukaa saluni kwa shangazi wiki moja. Kule mdomo ndio chombo cha kazi, kitana kinafuata. Wateja walikuwa wanamuuliza shangazi kama mimi ni mgonjwa. Hapa karakanani nimejifunza kutengeneza soketi, kufuata waya kutoka mbele hadi nyuma ya gari kwa vidole, kujua fyuzi iliyoungua kabla ya kuichomoa. Ni mahali pa kwanza ambapo hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenyamaza, kwa sababu mtu anayefuata waya lazima anyamaze.

Sitaki kuondoka hapa. Nimeiandika mara moja tu, lakini moyoni nimeisema mara nyingi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua kidogo. Nilimwomba mjomba niifungue ile alteneta ya pili, iliyokataliwa na Boksi. Akasema, "Fungua, utaiua mara ngapi?"

Nilidhani nitakuta kaboni mbovu au waya dhaifu, dalili za bidhaa ya ovyo. Kaboni ni mpya kabisa. Waya ni mzuri, umefungwa kwa makini. Vilivyokufa ni vile vifungo vidogo vinavyoitwa daiodi, ambavyo huuruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, kama mlango usiofunguka kwa nje. Vitatu vimeungua, vimepasuka, vinanuka. Vitu havipasuki hivyo kwa uzee. Vimepigwa na umeme mkubwa, kwa ghafla.

Nimekaa na daftari hili. Tarehe 11: 14.2. Tarehe 14: 12.1. Tarehe 16: 14.3. Tarehe 20: 11.8. Mara zote mbili nilipima, alteneta ikawa nzima, kisha nikaweka mita kwenye nailoni.

Kila mara niliiweka mjomba alipoivua betri kofia. Baada ya hapo sikupima kamwe. Ya nini, na majibu yameshatolewa?

Jumanne, 2 Aprili

Sijalala vizuri. Ninawaza hivi: alteneta inasukuma umeme kwa nguvu, na betri ndiyo inayoupokea. Ukiiondoa betri ghafla, ule umeme unakwenda wapi?

Sijui. Tunaangalia.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo nimejua, na nimefanya vibaya.

Dereva wa mikate alileta gari lake, pikapu jipya kidogo. Lilikuwa na waya uliolegea tu, mjomba akaukaza. Injini ikiwaka nilipima: 14.1. Mjomba akaivua betri kofia, kama kawaida, kama mtu anayetia sahihi. Likanguruma. Akairudisha. Safari hii sikuweka mita kwenye nailoni. Nilipima tena.

12.9. Nikaendelea kuitazama. 12.8.

Dereva alikuwa anafuta kioo huku anacheka na mjomba. Mjomba alikuwa anacheka, baada ya wiki mbili, na dereva alikuwa anamwambia, "Wewe ndiye fundi, wengine wanabahatisha." Mita ilikuwa mkononi mwangu. Nilihitaji kusema neno moja. Hata "subirini" lingetosha.

Gari likaondoka na mikate yake.

Sasa Boksi si mwizi. Mimi si mzembe wa kugeuza betri. Umeme uliokosa betri ya kuupokea unarudi kuzipasua daiodi. Mjomba anaziua alteneta mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kile kitu anachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Na mimi ninajua na nimemwacha mtu akaondoka na gari lililouawa mbele yangu. Mpaka leo nilidhani kunyamaza hakumuumizi mtu.

Jumamosi, 6 Aprili

Gari la mikate lilizimika jana kwenye mteremko. Dereva hakurudi kwetu. Amekwenda kwa fundi mwingine, Mama kasikia dukani. Mjomba hakula.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mara tatu nimeanza kumwambia. Mara ya kwanza aliniambia nimpe spana. Mara ya pili nikampa spana kabla hajaomba. Mara ya tatu nilisema, "Mjomba," akasema, "Naam," akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, nikasema, "Ndoo imejaa."

Jumatano, 10 Aprili

Daktari amekuja na alteneta aliyoletewa na ndugu yake kutoka mbali, imefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alisema bila kutania: "Fundi, hii ni ya tatu na ya mwisho. Ikifa nalikata gari vyuma. Siwezi kusukuma gari kila mvua, nina miaka hamsini na nane."

Mjomba akasema, "Ikifa hii, na mimi huu mlango nafunga siku hiyo hiyo. Sisubiri mvua iishe."

Kazi ni kesho.

Alhamisi, 11 Aprili

Mikono yangu inanuka mafuta hata baada ya sabuni, lakini nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio.

Mjomba alifunga alteneta kuanzia asubuhi, polepole, kila nati mara mbili. Betri aliifunga mwenyewe. Daktari aliwasha. Macho yote mawili ya gari yaliinuka. Nilipima. 14.2. Nilisema namba kwa sauti, na mjomba akaitikia kwa kichwa, akaweka spana ya kumi kwenye nati ya kibano, akaizungusha, akaiweka spana mfukoni. Daktari akasogea kuangalia. Mjomba akanyoosha mkono.

Nikaweka wangu juu ya kibano.

Sikupanga. Ulikuwa mkono tu. Nilihisi injini inatetemeka kupitia betri mpaka kwenye kiwiko.

"Toa mkono," alisema mjomba.

Sikuutoa.

"Mpwa. Injini inawaka. Toa mkono, utajiumiza."

"Ukiivua itakufa," nikasema.

Hakusikia, kwa kelele ya injini na mvua ya bati. Ilibidi niseme tena. Fikiria, mara moja katika maisha yangu ninasema jambo, nalo halisikiki! Nikapaza sauti: "Ukiivua itakufa! Zile mbili ziliungua hivyo! Na gari la mikate pia, nilipima kabla na baada, ilitoka kumi na nne ikawa kumi na mbili, nikanyamaza!"

Daktari alizima injini. Sasa zilisikika mvua na ndoo tu.

"Nani kakufundisha?" mjomba aliuliza.

"Hakuna. Nimeandika namba."

"Namba." Alilitazama gari, si mimi. "Aliyenifundisha mimi alikuwa anavua betri kofia kabla baba yako hajajua gari ni nini. Nimezivua mia. Nimezivua elfu. Zote ziliungua?"

"Sijui," nikasema. Sheria ya pili nimeivunja. "Labda magari ya zamani yalivumilia. Labda nyingine ziliungua wiki ya pili, tukasema ni kipuri kibovu."

Daktari alikohoa. "Fundi, mimi sijui waya. Lakini huyu binti hajaongea tangu mwezi wa tatu. Mimi mtu wa namna hiyo akifungua mdomo huwa naangalia ndani."

Mjomba alikaza nati ya kibano. Akaikaza mpaka mwisho. Akasema, "Chukua gari lako," akatoka kwenye mvua bila kofia, akaenda.

Ijumaa, 12 Aprili

Hajaniongelesha.

Jumamosi, 13 Aprili

Hajaniongelesha. Mama anatutazama kama anayeangalia sufuria mbili zinazochemka.

Jumatatu, 15 Aprili

Gari la Daktari limepita mbele ya karakana kwenye mvua, macho mawili juu, wipa zinakwenda. Alipiga honi. Mjomba alikuwa amemshikia mteja waya, hakugeuka. Lakini aliacha kufanya alichokuwa anafanya mpaka sauti ya gari ikaisha.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi nilimkuta mjomba ameingiza pikapu lake mwenyewe ndani, lile la kijani analobebea vifaa. Injini inanguruma. Mita iko juu ya boneti, nje ya nailoni.

"Pima," alisema. Ndilo neno la kwanza tangu Alhamisi.

"Kumi na nne nukta sifuri."

"Simama pale. Usiseme kitu." Akachukua kipande cha ubao. "Au sema ukitaka."

Akalikanyagia mafuta kwa ule ubao, ukabana pedali, akarudi mbele, akaivua betri kofia. Gari likanguruma vizuri, kama yote. Akasimama na kibano mkononi kwa muda mrefu, lakini hakutabasamu. Akakirudisha.

"Pima."

"Kumi na mbili nukta saba."

"Pima tena."

"Kumi na mbili nukta saba, mjomba."

Alizima injini. Akaifungua alteneta hapo hapo, mwenyewe, mimi nikashika tochi. Daiodi mbili zimepasuka. Alizinusa. Akakaa juu ya tairi la akiba, akaangalia mlango, na nikaona anaanza kukumbuka. Huwezi kumwona mtu anakumbuka, lakini niliona.

"Lori la maziwa," alisema. "Gari la yule mwalimu. Teksi ya marehemu jirani, nilimwambia betri yake ni ya Kichina. Aliniamini."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, alifundishwa. Nikaona kwamba anajua, na kwamba haimsaidii. Nilikaa kwenye tairi la pili. Tulikaa hivyo mpaka ndoo moja ikafurika na hakuna aliyesimama.

Kisha akasema, "Twende kwa Boksi."

Tulikwenda kwa miguu, maana pikapu lenyewe ndilo tulilokuwa tumeliua. Mvua ilikuwa nyembamba ya kuchosha, isiyokata. Watu walikuwa wamejaa barazani kama siku ile, ingawa si wale wale. Boksi alipotuona aliweka mkono kwenye mnyororo wa mlango wa chuma.

Mjomba alisimama mbele ya kaunta. Alifungua mdomo, akaufunga. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye pua. Mjomba wangu, ambaye hata usingizini huongea! Aliniangalia, na nikaijua ile sura kwa sababu ni yangu.

"Mwambie," alinong'ona.

Nikamwambia Boksi. Nilisema alteneta zake zilikuwa nzima. Nilisema tuliziunguza sisi, kwa kuivua betri kofia, na kwamba tumehakikisha leo asubuhi. Nilisema mpaka mwisho.

Boksi aliuachia mnyororo. "Bi Kimya," alisema, "kumbe una sauti ya kutosha duka zima." Halafu akamgeukia mjomba. "Yeye amesema. Lakini aliyeniita mwizi si yeye. Uliniita mbele ya watu. Wako hapo nje."

"Hawa si wale," alisema mjomba.

"Watawaambia wale."

Mjomba alitoka barazani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisimama katikati ya watu waliojikinga mvua, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi, mzee mwenye gunia kichwani, akasema kwa sauti yake yote:

"Jamani. Mwezi uliopita nilimwita mwenye duka hili mwizi. Si mwizi. Alteneta niliziua mimi mwenyewe."

Watu walimtazama. Hakuna aliyejua anaongea nini. Mzee mwenye gunia akasema, "Haya, baba, Mungu akusamehe. Sasa sogea kidogo, unatunyeshea."

Boksi alicheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, na mjomba alisimama kule nje na bega moja mvuani, hajui acheke au aendelee kuungama. Boksi hakumkumbatia, hakusema yameisha. Alipanda kwenye ngazi akashusha boksi, akasoma ubavuni, akaliweka mbele yangu.

"Ya pikapu la kijani," alisema. "Mpe huyo kichwa cha nyundo. Mwambie bado nimekasirika. Nitamwambia nikimaliza."

Tulirudi tumelishika boksi kwa pamoja, kila mmoja upande wake, lisilowe chini. Kwenye kona mjomba akasema shangazi atafute mtu mwingine wa saluni. Akasema hivyo kama anaongea na barabara. Hatua chache mbele akasema wa mikate ndiye wa kwanza, kesho asubuhi kabla hajapakia, halafu mwenye lori la maziwa, halafu mwalimu, kama bado yupo. Mke wa marehemu wa teksi anakaa nyuma ya kituo cha afya. Alikuwa anawahesabu polepole, kama mtu anayepanda mlima na anaona bado mlima.

"Ni wengi," alisema. "Nimechoka, mpwa. Utaongea wewe au mimi?"

Nikamwambia aongee yeye, mimi nitasimama karibu.